Kadi ya Kwanza Aliyoikana Kassim

Zuhura mwanangu,

Umetoka na baba yako kutafuta mkanda wa sanduku lako la kwendea chuo, na najua mtachelewa, kwa sababu baba yako hawezi kupita mbele ya kinyozi wake bila kusimama. Nimepata nafasi. Nimefunga mlango wa jikoni, simu nimeizima, nakuandikia kwenye daftari lako la zamani la jiografia.

Ya sweta na ya chandarua siyaandiki. Umeshayasikia mpaka umeanza kunimalizia maneno. Naandika lile ambalo miaka saba hatujalitamka humu ndani, wewe kwa ukimya wako, mimi kwa aibu yangu. Naandika habari ya Kassim.

Ona, nikiandika tu hilo jina kalamu inachimba karatasi.

Kesho atakuwepo uwanja wa ndege. Nimemwita mimi. Usishtuke ukimwona amesimama pale, na usidhani baba yako ana mkono humo, maskini hajui lolote. Atakuja na kadi yako. Nataka uijue kwanza habari yote kabla hujamfungulia mdomo, au kabla hujamgeuzia kisogo. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Lile boksi lilitoka kazini, unakumbuka. Pale hotelini kwetu Lusail, hapa Doha, mgeni akisahau kitu kinawekwa stoo, na miezi ikipita asikiulizie, aliyekiokota anapewa pamoja na karatasi ya kutokea getini. Wenzangu walikuwa wakipata manukato, viatu, chaja. Mimi nikapata boksi limejaa kadi za wachezaji mpira. Wanjiku, yule Mkenya ninayepiga naye pasi, alinicheka siku nzima. "Mama Zu, sasa hizi utapika na nazi ama utakaanga?" Nilikaribia kuziacha kwenye basi. Nikasema nimpelekee mtoto atazichezea.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Hukuzichezea. Ulizipanga kwenye mkeka kwa timu, kwa mwaka, ukakaa nazo kimya kama mtu anayesoma barua. Halafu ukaniletea moja. Kijana mwembamba, masikio yametoka, jezi imemzidi mabega. Kwenye kona ya chini palikuwa na doa la wino wa kijani, kama punje ya choroko.

"Mama, hii ni ruki."

"Ruki ndiyo nini?"

"Kadi ya kwanza ya mchezaji."

"Kama kadi ya kliniki?"

Ulicheka wewe, ukaanguka kwenye mto. "Siyo ya kuzaliwa, Mama. Ya kuanza."

Ukanieleza. Akiwa bado timu ya watoto, haihesabiwi. Lazima awe ameshaingia timu kubwa. Lazima kadi iwe imechapwa na kampuni yenye ruhusa, iwe kwenye pakiti za madukani ambazo mtu yeyote anaweza kuinunua na kubahatisha, na iwe ya msimu ule ule wa kwanza. Ya msimu wa pili, hata ing'ae vipi, siyo ruki. Stika ukasema watu wanagombana, wengine wanaihesabu, wengine wanasema stika ni stika. Yote hayo umeyajua kwa kusoma na kuuliza, mtoto wa darasa la sita. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilikuitikia "ehe, ehe." Ningekusikiliza kama ninavyomsikiliza daktari, leo nisingeandika barua hii.

Kisha nikafanya lile la plastiki.

Mwanangu, wewe umekulia hapa, hujui tulivyokuja. Mtu unatoka Tanga na karatasi moja moja. Cheti cha ndoa kimoja, cheti cha mtoto kimoja. Ikilowa, ikichanika, ni kazi. Ndiyo maana kila kitu cha maana humu ndani nimekipeleka duka la taipu kikapigwa plastiki. Kopi za bataka, vile vitambulisho vyetu vya ukaazi, kadi yako ya chanjo, mpaka ile picha ya bibi yako. Sasa nikaona zile kadi unavyozishika kwa ncha za vidole, nikasema mwanangu anaogopa zisiharibike. Ulipokuwa shule nikachukua kumi na moja zilizokuwa zinameremeta kuliko zote, nikampelekea yule kijana wa taipu. Zikatoka za moto, zimenyooka, zina ukingo wa plastiki pembeni kama vitambulisho vya kazini. Nilifurahi njia nzima.

Ulizitazama. Ukasema, "Ahsante, Mama." Ukaingia bafuni ukafungulia maji. Nikadhani unaoga. Sikujua kwamba kadi ikishapigwa plastiki haina thamani tena.

Yule wa masikio alipona kwa sababu ulikuwa umemlaza ndani ya kitabu cha sayansi.

Basi ndiyo tukaenda kwa Kassim nikiwa tayari na kosa moja mkononi. Ijumaa baada ya swala, kile chumba cha juu kwenye kafeteria ya chai ya karaki, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, wanapokutana wabadilishanaji kadi. Mtanzania mwenzetu, ana miwani ya kamba shingoni, kila mtu anamwita Mtaalamu. Nilimwona kama mwalimu wangu wa darasa la nne, ambalo ndilo nililoishia. Nikamwambia kwa heshima, kaka, mtazamie mtoto hivi vitu vyake.

Akaokota moja ya zile za plastiki, akainyanyua juu. "Jamani, njooni mwone! Dada yetu kawazika wachezaji, na sanda kawavika!"

Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu nakisikia mpaka leo, mtu anacheka huku anatafuta pa kuficha mikono. Wewe hukucheka. Ulikuwa unanitazama mimi, siyo yeye, na macho yako yalikuwa yanasema, Mama, tuondoke.

Hatukuondoka. Ukatoa yule wa masikio. Kassim akaacha kucheka. Alinyamaza, akaishusha miwani, akaigeuza kadi mbele nyuma mara tatu. Sasa hivi naujua ule unyamavu. Siku ile nilidhani ni utaalamu.

"Hii nayo, binti, siyo ruki. Huyu kijana alianza kucheza mwaka wa kabla. Soma hapa nyuma, herufi ndogo, huu ni mwaka uliofuata. Ya pili hii. Na ile alama yenyewe ya ruki iko wapi? Hakuna."

"Lakini Mjomba, msimu si unaanza mwaka huu unaishia—"

Nikakufinya. Chini ya meza, pale juu ya kiwiko. Najua unapakumbuka. "Usibishane na mkubwa. Mpe Mjomba."

Ukampa. Akakupa kadi kumi za kung'aa, nikakuambia sema ahsante, ukasema. Na mimi mamako, kwa shukrani, nikatoa simu nikaomba tupige picha ya kumbukumbu. Kassim akatabasamu, kadi akaiinua kifuani. Wewe pembeni, macho mekundu. Nikampelekea baba yako kazini: Tazama, mwanao kapata rafiki mkubwa wa mambo yake.

Boksi hukulifungua tena. Nikamwambia baba yako, amekua.

Miaka mitano nimeishi na maneno hayo, amekua. Mwaka juzi Wanjiku akaniletea simu yake katikati ya shuka za mgeni. Kaka yake yuko kwenye grupu la wakusanyaji. "Mama Zu, si huyu ndiye yule jamaa wenu wa miwani? Cheki vile anaringa." Picha ya kadi ndani ya kasha gumu la kioo, na maneno: RUKI HALISI, SIUZI KWA MTU ASIYEJUA THAMANI. Nikavuta picha kwa vidole. Kwenye kona, punje ya choroko.

Niliunguza shuka siku ile. Mudiri, yule meneja wetu, akaniandikia barua ya onyo, nikaitia sahihi.

Ningeweza kukwambia palepale. Ningeweza kumwambia baba yako aende akamkabe. Sikutaka. Baba yako angekubali kusuluhishwa, namjua, angepewa chai wakaishia kucheka. Mimi sikutaka chai. Nilitaka Kassim asimame pale pale aliposimama, mbele ya watu wale wale, achekwe yeye, asijue auweke wapi uso wake. Nilipokuwa nachemsha maharage nilikuwa nayachemsha na hayo. Nikiswali nilikuwa naomba nisamehewe halafu naendelea pale pale nilipoachia. Wewe ulikuwa unasema, "Mama siku hizi unaongea peke yako." Nilikuwa naongea na Kassim.

Na nikasoma. Mtu wa darasa la nne anasoma polepole lakini anasoma. Wakati wa mapumziko Wanjiku ananitafsiria, mimi naandika nyuma ya karatasi za dobi. Nikajua msimu wa kule unaanza mwaka mmoja unaishia mwaka mwingine, na kadi ikichapwa baada ya mwaka kugeuka inabeba tarehe mpya wakati mchezaji bado yuko msimu wake wa kwanza. Nikajua ile alama ya ruki makampuni mengine yanaiweka, mengine hayaiweki, na kukosa alama hakuifanyi kadi kuwa ya pili. Yaani kila ulilotaka kusema siku ile, nilipokufinya, lilikuwa sawa. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa sawa, mtu wa miwani alikuwa anadanganya, na mama mtu akamsaidia mwongo.

Hapo ndipo chuki yangu ilipopata meno, kwa sababu sikuweza kumchukia yeye bila kupitia kwangu.

Ijumaa iliyopita nilikuambia naenda kwa Wanjiku kusukwa. Sikusukwa. Tulikwenda Fereej Bin Mahmoud. Wanjiku alikuwa ameshapanga na Mganda mmoja dereva, mtu mrefu, mpole, anayekusanya kweli. Kazi yake ilikuwa swali moja tu. Kassim alikuwa na meza yake, kadi yako katikati, ndani ya kioo, kama bwana harusi. Sisi tukakaa nyuma na karaki zetu. Wanjiku akanishikia kikombe nisimwage.

Mganda akainama. "Ssebo, bwana, kadi ni nzuri. Lakini huu mwaka wa nyuma, si ni wa baada ya kuanza kwake? Si ni ya pili hii?"

Kassim akacheka kile kicheko chake. "Ndugu yangu, usihesabu kama mtoto. Msimu! Msimu ndio unaohesabiwa. Mwaka wa nyuma ni wa kiwanda tu."

"Na alama ya ruki?"

"Kampuni hii ilikuwa haiweki alama. Uliza mtu yeyote anayejua."

Nikasimama. "Kassim, rudia."

Akanitazama. Hakunitambua, Zuhura! Miaka miwili nimekula naye, nimelala naye kichwani, na yeye hanijui. "Nirudie nini, dada?"

"Hilo la msimu. Rudia kwa sauti, hawa wa mlangoni hawajasikia."

Akarudia, mjinga yule, kwa madoido. Ndipo nikaweka simu mezani, ile picha. Yeye anatabasamu, kadi kifuani, choroko kwenye kona, na wewe pembeni na macho yako. Nikawasomea alivyokuambia, neno kwa neno, nayajua kwa moyo. Nikasema, mtoto alitaka kumwambia hilo hilo la msimu, akazimwa.

Halafu mmoja nyuma huko, "Kumbe Mtaalamu kwa watoto anauza mwaka, kwa wateja anauza msimu!" Chumba kikalipuka. Mwingine, "Mtaalamu, mimi ile yangu uliyoniambia ni stika, nayo nirudishie!" Wanjiku akapanda juu ya kiti, "Buda, mzee, toa miwani tukuone vizuri!" Kassim alikuwa anafunga kasha, mikono haipati kitasa. Mtu akapiga picha. Jioni ilikuwa grupu zima.

Nilifurahi. Sitakuficha wala sitajipamba. Nilishuka zile ngazi kama bibi harusi. Nilinunua kuku. Mlikula bila kujua mnakula nini.

Watu watakuambia ukilipiza moyo haupoi. Mimi wangu ulipoa, siku mbili kamili. Siku ya tatu nilikukuta unakunja nguo, nikataka nikusimulie, nikashindwa. Ungenitazama vile unavyotazama, ungeuliza, "Na wewe Mama, ulikuwa wapi?" Ningejibu nini? Nilikuwa nimeshika mkono wako.

Asubuhi ya leo mlipokuwa benki, Kassim akagonga mlango. Nguo safi, boksi la halua, bahasha. Nilikuwa na unga mpaka viwikoni, sikumkaribisha.

"Dada, nimekuja tumalize. Kadi hii hapa. Chukua, halafu andika kwenye grupu kwamba tumeelewana, yalikuwa makosa ya kibinadamu. Wamenitoa mezani. Maonyesho ya mwezi ujao wamenifuta. Khalas, yaishe, mimi pia nina watoto."

Niliitazama ile bahasha. Mkono wangu ulitaka kuipokea, Zuhura. Nilikuona ukiifungua uwanjani, nikaona na uso wako. Halafu nikafikiri, nikiipokea hapa mlangoni, nimekubadilishia tena vitu vyako wewe hupo. Yeye anapata heshima yake, mimi napata usingizi wangu, na wewe unapewa bahasha useme ahsante.

"Siyo yangu," nikamwambia. "Mwenyewe anasafiri kesho mchana. Njoo uwanja wa ndege, kwenye mizigo. Umwombe radhi kwa mdomo wako, na umweleze kwa nini ile kadi ni ruki. Kila kitu, kama ulivyomweleza yule Mganda. Akitaka kuipokea, ataipokea. Akitaka uandikiwe kwenye grupu, ataandika yeye."

"Mbele ya watu, dada?"

"Ulipotucheka palikuwa na pazia?"

"Na akikataa?"

"Basi ukae nayo, na kila ukiitazama umwone yeye."

Akaondoka na halua yake. Nilifunga mlango nikakaa chini sakafuni na unga wangu, nikajua nimeshafanya tena. Nimepanga mkutano wako bila kukuuliza. Huenda hutaki kumwona. Huenda ulishasahau, na mimi ndiye ninayefukua. Huenda kadi ungeitaka tu, uende nayo Dar es Salaam, na mama yako kwa kisasi chake ameiachia irudi ngazini na Kassim. Ndiyo sababu ya barua hii. Hutanisikia nikijitetea. Nilitaka kumwumiza, nikatumia jambo lako. Nikilitazama sana, Kassim naye alitumia jambo lako.

Kwa hiyo sikufundishi kitu. Nakuambia tu nilichokipata kwa gharama. Mimi siku ile sikukunyamazisha kwa sababu ya adabu. Nilikunyamazisha kwa sababu nilikuwa nimechekwa, na mtu aliyechekwa humwamini aliyemcheka, anadhani lazima anajua. Huko chuoni utachekwa. Watakucheka Kiswahili chako cha Doha, watakucheka unavyovuka barabara. Siku hiyo usimpe mtu kitu. Wala usikubali kitu. Nenda kalale, kesho yake ndio ujibu. Na kama unajua unachokijua, bishana. Na mkubwa bishana naye. Na mimi. Adabu yako haitapungua, naijua, nimeilea.

Unaniuliza mimi ningetaka nini? Ningetaka umkatalie. Ningetaka amalize maelezo yake yote, jasho linamtoka, halafu umwambie, "Nilikuwa najua," upitilize ukapime mzigo wako. Hilo ndilo ninaloota nikiwa macho. Lakini hilo ni langu. Ukiipokea sitanuna. Ukimsamehe, kwa kweli nitanuna, lakini nitanuna nyumbani, wewe ukiwa angani.

Nitasimama mbali kidogo, karibu na zile toroli, na baba yako nitamshika asije. Sitaongea. Utaniona nimeziba mdomo na mtandio, usidhani nalia, au dhani unavyotaka. Hilo jambo ni lako wewe na yeye, na lolote utakalosema, liseme kwa sauti, mamako asikie.

Nawasikia ngazini, baba yako anacheka na mtu. Barua naichana daftarini, naiweka ndani ya kile kitabu kilicho juu ya mizigo yako, utaiona kabla ya kulala.

Mimi mamako, ninayekuogopea, na ambaye kwa Kassim bado sijachoka. Asipotokea kesho usimsubiri hata dakika, panda ndege yako. Anapokaa mimi napajua.